Minyoo sugu kwa mbuzi na kondoo: jinsi ya kupima, kutibu na kuokoa dawa zinazobaki

Chupa tatu zenye majina na rangi tofauti kwenye rafu ya duka la dawa za mifugo zinaweza kuwa na dawa moja tu ndani yake. Mfugaji anayenunua ya kwanza wakati wa masika, ya pili kiangazi na ya tatu wakati wa vuli huamini amebadilisha dawa mara tatu. Hajabadilisha chochote. Minyoo waliopona dozi ya kwanza wanapona ya pili na ya tatu, wanazaana, na baada ya misimu michache dawa hiyo inabaki kuwa maji ya kumwaga kooni mwa mbuzi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kujua dawa ipi bado inafanya kazi kwenye zizi lako, namna ya kuitoa kwa kipimo sahihi, na namna ya kuwapa dawa wale tu wanaoihitaji. Dawa mpya za minyoo ni chache mno na nyingi hazifiki kwenye maduka yetu, kwa hiyo zile zinazofanya kazi leo lazima zitunzwe.

Mnyoo mwenyewe

Minyoo ya tumbo iko aina nyingi, lakini anayeua mbuzi na kondoo wengi katika nchi za joto ni mnyonya damu, Haemonchus contortus, anayeishi kwenye tumbo la nne. Ukichinja au ukipasua mnyama aliyekufa muda si mrefu, fungua tumbo hilo taratibu na uoshe ndani yake kwenye beseni la maji safi. Utawaona kwa macho: wembamba, wa urefu wa sentimita 2 hadi 3, na jike ana mstari mwekundu wa damu aliyokunywa uliosokotana na mweupe wa mfuko wake wa mayai.

Mnyoo mmoja hupoteza kiasi cha mililita 0.05 za damu ya mnyama kwa siku. Minyoo 1,000 ni mililita 50 kila siku, na mbuzi wa kilo 20 hana akiba ya kustahimili hilo kwa wiki nyingi. Jike hutaga mayai 5,000 au zaidi kwa siku. Kukiwa na joto na unyevu, yai lililodondoka na kinyesi huwa kiluwiluwi kinachoweza kuambukiza ndani ya siku 4 hadi 7. Kikimezwa na nyasi, baada ya wiki tatu hivi nacho kinataga. Kasi hiyo ya uzazi ndiyo inayofanya usugu uenee haraka.

Mnyonya damu kwa kawaida haleti kuhara. Dalili zake ni utando wa jicho na ufizi kuwa mweupe, uvimbe laini chini ya taya, mnyama kubaki nyuma ya kundi na kufa ghafla anapokimbizwa. Mbuzi anayehara huenda ana minyoo wa aina nyingine, koksidia (vijidudu vya utumbo visivyoonekana kwa macho), au amebadilishiwa chakula ghafla. Tutarudi kwenye jambo hili, maana wengi hukosea hapa.

Makundi ya dawa

Sahau jina la biashara. Soma maandishi madogo yanayotaja kiambato na nguvu yake. Dawa za minyoo ya tumbo zinazopatikana kwa urahisi Afrika Mashariki ziko katika makundi makuu matatu.

La kwanza ni zile ambazo majina yake yanaishia na "dazoli": albendazoli, fenbendazoli, oksfendazoli, mebendazoli. Mnyoo aliyezoea mojawapo kwa kawaida amezizoea zote. Ni kundi la zamani kuliko mengine: dawa yake ya kwanza, thiabendazoli, ilitoka mwaka 1961, na taarifa za usugu zikaanza mwaka 1964.

La pili ni levamisoli. La tatu ni zile zinazoishia na "mektini": ivamektini, doramektini na wenzao. Ivamektini ilianza kutumika mwaka 1981, na kabla muongo huo haujaisha Afrika Kusini ilikuwa na minyoo ya kondoo isiyoisikia.

Kuna pia klosanteli, inayoua wanyonya damu na minyoo bapa ya ini lakini haigusi minyoo mingine mingi ya tumbo. Na kuna mtego mmoja: chupa yenye levamisoli pamoja na oksiklozanaidi si dawa mbili dhidi ya minyoo ya tumbo. Oksiklozanaidi ni ya minyoo bapa ya ini. Kwa mnyonya damu, chupa hiyo ihesabu kuwa levamisoli tu.

Kabla ya kusema "sugu"

Dawa inaweza kushindwa bila minyoo kuwa sugu. Sababu ya kawaida ni dozi ndogo: uzito ulikisiwa kwa macho, au mbuzi alipewa kipimo cha kondoo. Nyingine ni dawa iliyokaa juani, iliyopita muda, au ambayo haikutikiswa. Albendazoli hutuama chini ya chupa, hivyo mnyama wa kwanza hunywa maji na wa mwisho hunywa tope la dawa.

Halafu kuna vipande vyeupe kama punje za wali kwenye kinyesi. Hao ni tegu. Wanaonekana kwa macho, wanatisha, na mara nyingi hawana madhara makubwa kwa mnyama mkubwa. Mayai ya mnyonya damu huyaoni bila darubini. Ukinywesha dawa kwa sababu ya tegu, kisha ukapima mafanikio kwa kutoweka kwa tegu, hujapima kitu.

Weupe wa macho nao una sababu nyingine: kupe na magonjwa yake kama ndigana baridi, viroboto wengi kwa ndama wa mbuzi, minyoo bapa ya ini, na njaa ya muda mrefu. Kama mnyama ana homa, anza na daktari wa mifugo, si na chupa ya minyoo.

Kupima dawa: hesabu ya mayai kabla na baada

Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi. Unahesabu mayai kwenye kinyesi, unatoa dawa, unahesabu tena.

Chagua wanyama wasiopungua 10 kwa kila dawa unayotaka kupima, hasa wenye umri wa miezi 3 hadi 6 au wengine wachanga, ambao hawajapewa dawa yoyote ya minyoo kwa wiki 8. Wavishe hereni au uwatie alama ya rangi. Ukiweza, acha kundi jingine la 10 bila dawa kwa ulinganisho, ila mgonjwa yeyote humo apewe matibabu. Mwenye mbuzi wanane anaweza kuungana na jirani, mradi wanachunga eneo moja, maana hapo minyoo yao ni ileile.

Chukua kinyesi moja kwa moja kwenye njia ya haja kubwa kwa kidole chenye glavu iliyolainishwa. Usiokote chini. Gramu 5 zinatosha. Geuza glavu ndani nje, toa hewa yote, funga, andika namba ya mnyama na tarehe. Weka kwenye kisanduku chenye barafu bila kinyesi kugusa barafu, na ufikishe maabara siku hiyohiyo au kesho yake. Sampuli ikishinda kwenye joto, mayai yanaanguliwa. Maabara itahesabu machache, na wewe utadhani dawa imefanya kazi kumbe ni jua. Hakuna kosa linaloharibu kipimo hiki mara nyingi kuliko hilo.

Tanzania, sampuli hupokelewa kwenye vituo vya Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Kenya kuna maabara za uchunguzi wa mifugo za kanda, na kuu iko Kabete. Ushirika wenye darubini unaweza kuhesabu wenyewe kwa kioo cha McMaster, yaani kioo chenye vyumba viwili vyenye mistari ya kuhesabia mayai. Yeyusha chumvi gramu 400 hivi kwenye lita moja ya maji ya moto hadi igome kuyeyuka, kisha acha ipoe. Pima kinyesi gramu 4, kiponde ndani ya mililita 56 za maji hayo ya chumvi, chuja kwa chujio la chai. Koroga, na wakati maji bado yanazunguka vuta kwa dropa na ujaze vyumba viwili vya kioo bila mapovu. Subiri dakika 5 mayai yaelee, hesabu yaliyo ndani ya mistari ya vyumba vyote viwili kwa lenzi ya kukuza mara 10, zidisha jumla kwa 50. Hayo ndiyo mayai kwa gramu. Ukichelewa zaidi ya saa moja chumvi inaganda na mayai yanasinyaa.

Siku ya kwanza, wastani wa kundi uwe angalau mayai 150 kwa gramu. Chini ya hapo hesabu haina nguvu, subiri mvua. Pima kila mnyama uzito, mpe dozi kamili siku hiyohiyo, kisha rudia sampuli kwa wanyama walewale siku ya 14.

Gawanya wastani wa baada kwa wastani wa kabla, toa jibu kwenye 1, zidisha kwa 100. Tuseme kabla ilikuwa 1,200 na baada ni 420: 420 kugawanya kwa 1,200 ni 0.35, kwa hiyo mayai yamepungua kwa asilimia 65. Dawa nzima inatakiwa kupunguza asilimia 95 au zaidi, yaani kwa mfano huo yasibaki zaidi ya 60. Chini ya 95 anza kushuku. Chini ya 90, na dozi ilikuwa sahihi, una minyoo sugu. Ukiweza kulipia, omba maabara wakuze viluwiluwi kutoka kwenye sampuli ya pili ili ujue ni mnyoo gani aliyebaki. Rudia kipimo hiki kila baada ya miaka miwili kwa dawa unayoitegemea.

Uzito na dozi

Kukisia kwa macho kunakosea, na mara nyingi kunakosea kwa kupunguza. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 na gunia lililotobolewa miguu vinatosha. Kama huna mizani, tumia futi ya fundi cherehani: pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, pima urefu kutoka nundu ya bega hadi mfupa wa makalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mbuzi mwenye kifua sentimita 65 na urefu 60 anakuja kilo 23.4. Mhesabie 25.

Mbuzi si kondoo mdogo. Ini lake huvunja dawa haraka zaidi, hivyo dozi ya kondoo kwake ni dozi pungufu, na miaka ya kumpa dozi pungufu ndiyo iliyozalisha usugu mwingi. Vipimo vinavyotumiwa na wataalamu ni hivi:

Albendazoli: kondoo miligramu 7.5 kwa kila kilo, mbuzi mara mbili, yaani 15.
Levamisoli: kondoo 7.5, mbuzi 12.
Ivamektini ya kunywa: kondoo 0.2, mbuzi 0.4.

Kwa mbuzi wa kilo 25, albendazoli ni miligramu 375. Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita, kwa hiyo ni mililita 3.75. Chupa ya asilimia 2.5 ina miligramu 25, kwa hiyo ni mililita 15. Angalia tofauti hiyo: anayekariri "mbuzi mkubwa mililita tano" bila kusoma asilimia ya chupa anaweza kutoa theluthi moja tu ya dawa. Levamisoli ni miligramu 300, na kwenye chupa ya asilimia 1.5 hiyo ni mililita 20.

Kwa sababu dozi ya mbuzi huwa juu ya ile ya lebo, izungumze na daktari wa mifugo kwanza, na muda wa kusubiri kabla ya kula nyama au kunywa maziwa urefushe kama atakavyokuelekeza. Albendazoli usimpe mnyama aliye mwezi wa kwanza wa mimba. Levamisoli ikizidi huleta udenda, kutetemeka na hata kifo, kwa hiyo hapo mizani si hiari. Klosanteli usiiongeze maradufu kwa mnyama yeyote, ikizidi inapofusha.

Kunywesha

Hakikisha bomba lako linatoa kile linachodai: vuta mililita 10, mimina kwenye silinda ya kupimia. Tikisa chupa kabla ya kuanza na kila baada ya wanyama wachache. Shika kichwa kikiwa sawa, si kimeinuliwa juu, pitisha ncha pembeni mwa mdomo pasipo na meno, ifike nyuma ya ulimi, kisha sukuma taratibu. Dawa ikiishia mbele ya mdomo, mwanya wa koromeo unaweza kuipeleka moja kwa moja tumbo la nne bila kupita tumbo kubwa, na itaondoka mwilini kabla ya kumaliza kazi. Kichwa kikiinuliwa, inaingia mapafuni.

Kwa albendazoli na ivamektini ya kunywa, mnyima mnyama chakula (si maji) usiku mmoja kabla, ili tumbo liende polepole na dawa ikae zaidi. Mdhaifu na mwenye mimba kubwa wasifungishwe. Ivamektini ya sindano haina sababu ya kutumika kwa minyoo ya tumbo: hubaki mwilini kwa kiwango kidogo siku nyingi, na kiwango hicho kidogo kinawaua minyoo dhaifu na kuwaacha sugu.

Kama vipimo vimeonyesha kwamba hakuna dawa inayofika asilimia 95 peke yake, toa mbili za makundi tofauti siku moja, moja baada ya nyingine, kila moja kwa dozi yake kamili. Usizichanganye kwenye bomba moja. Kutoa moja leo na nyingine mwezi ujao si sawa na hili.

Nani apewe dawa

Hapa ndipo mazoea yanapopaswa kuvunjika. Kunywesha kundi zima kila miezi mitatu kwa kalenda, kisha kulihamishia malisho mapya, ulikuwa ushauri wa kawaida kwa miaka mingi, na ndio uliotufikisha hapa. Minyoo wachache wanaopona dawa ndio pekee wanaoingia kwenye nyasi safi, na kizazi chote kinachofuata huko kinatoka kwao. Ukiwaacha baadhi ya wanyama wenye afya bila dawa, mayai ya minyoo wasio sugu yanaendelea kudondoka na kuwazidi wale sugu kwa wingi. Kwenye kundi la kawaida, wanyama wachache, kiasi cha mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya watatu, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo. Watafute hao.

Njia ya kuwatafuta ni kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini na kupewa jina la daktari Faffa Malan. Ina rangi tano za utando wa ndani wa jicho, kutoka nyekundu iliyokolea (1) hadi nyeupe (5). Tumia kadi halisi na upate mafunzo kwa mtaalamu. Picha ya simu inabadilisha rangi. Kadi ikipauka, kwa kawaida baada ya mwaka, nunua nyingine.

Simama kwenye mwanga wa mchana, nje ya kivuli. Kwa kidole gumba cha mkono wa juu funika jicho kwa kope la juu. Bonyeza kope hilo kidogo dhidi ya mboni. Kwa gumba jingine shusha kope la chini, na utando utachomoza wenyewe. Soma rangi ya utando huo, si ya ndani ya kope wala ya mboni, na usishikilie zaidi ya sekunde chache kwani damu inajaa na rangi inadanganya. Angalia macho yote mawili, chukua rangi iliyo nyeupe zaidi. Jicho lenye ugonjwa au vumbi linaweza kuwa jekundu hata mnyama akiwa hana damu.

Rangi 1 na 2, mwache. Rangi 4 na 5, mpe dawa leo. Rangi 3, mpe kama ni mtoto, mwenye mimba, anayenyonyesha au amekonda. Ukikuta zaidi ya mmoja kati ya kumi ana rangi 4 au 5, wape na wote wa 3, na rudia ukaguzi baada ya wiki moja. Wakati wa masika na vuli kagua kila wiki mbili. Kiangazi kikikolea, mara moja kwa mwezi inatosha. Majike wanaozaa wawe wa kwanza kukaguliwa, kwa sababu kinga yao hushuka kuanzia wiki mbili kabla ya kuzaa, na mayai yao ndiyo yanayowaambukiza watoto.

Kadi hii inaona wanyonya damu tu. Anayehara na ana macho mekundu apimwe kinyesi.

Mnyama wa rangi 5 anaweza kufa kwa kukimbizwa tu. Mtibu hapohapo kivulini, usimpeleke machungani, mpe majani yenye protini kama lukina, kaliandra au gliricidia pamoja na mashudu ya alizeti. Lukina isizidi theluthi ya chakula. Damu inarudi taratibu, kwa wiki kadhaa.

Malisho na zizi

Viluwiluwi wengi hukaa sentimita 5 za chini za majani. Hamisha kundi kabla nyasi hazijashuka chini ya sentimita 10. Mbuzi anayekula vichaka na maganda ya migunga humeza wachache sana kuliko aliyefungwa kamba uwanjani mahali palepale wiki nzima. Kamba hiyo ni hatari kubwa.

Kwenye joto na mvua viluwiluwi huchoka na kufa ndani ya wiki chache. Huko Tonga, visiwa vya joto vya Bahari ya Pasifiki, watafiti walitumia hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990: vitalu 10, mbuzi wakikaa siku 3 na nusu kila kimoja, wanarudi cha kwanza baada ya siku 35. Wanaondoka kabla mayai hayajaiva na kurudi wakati wengi wamekufa. Nyanda za baridi haifai hivyo, kwani huko kiluwiluwi huishi miezi. Kupitisha ng'ombe wakubwa baada ya mbuzi nako kunasaidia, maana ng'ombe humeza viluwiluwi na wengi hawakui ndani yake.

Kwa wanaofugia ndani: banda la kuinua lenye nafasi ya sentimita 1.5 kati ya mbao, hori juu ya kimo cha goti, na nyasi zisikatwe mahali mbolea mbichi ya mbuzi imemwagwa.

Mgeni kutoka mnadani

Usugu hununuliwa. Beberu mmoja wa mnadani anaweza kuleta minyoo isiyosikia dawa yoyote. Mtenge kwenye sakafu kavu siku 14, mpe dawa mbili za makundi tofauti siku ya kwanza, pima kinyesi siku ya 14. Kikiwa safi, mwachie kwenye malisho yanayotumiwa na kundi lako, si kwenye kitalu kipya.

Nani abaki zizini

Andika kwenye daftari namba ya mnyama, tarehe, rangi ya jicho na dawa. Baada ya msimu mmoja utaona majina yaleyale yanajirudia. Aliyehitaji dawa mara tatu katika msimu auzwe wa nyama baada ya muda wa kusubiri kuisha, na beberu wa namna hiyo asipande hata jike mmoja, kwani uwezo wa kuhimili minyoo unarithiwa. Kondoo wekundu wa Kimaasai waliolinganishwa na kondoo wa kigeni wa aina ya Dorper na watafiti wa ILRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo) pwani ya Kenya walikuwa na mayai machache, damu nyingi na vifo vichache. Mwenye Dorper kwenye eneo lenye unyevu na afikirie beberu mwekundu kabla ya kufikiria chupa nyingine.

Ikiwa makundi yote matatu yameanguka kwenye kipimo, bado kuna nafasi. Toa mbili au tatu kwa pamoja kwa wale wa rangi 4 na 5 tu, tumia klosanteli kwa mizani pale mnyonya damu alipothibitishwa na maabara, punguza idadi ya wanyama kwa ekari, na pumzisha malisho kwa kiangazi kizima kikavu.